Chupa ya Kitunguu Saumu: Kisa cha Mwandishi wa Mapishi Aliyerudi Kuzisoma Makala Zake

Kuhusu kisa hiki

Kwa miaka 6 nimekuwa mhariri wa safu moja ya kila wiki inayohusu chakula na vinywaji. Mwandishi wake alikuwa ameshaiandika miaka 9 kabla sijafika. Jina lake, jina la gazeti na mahali vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa nimeyabadilisha ili asitambulike. Ameusoma uchambuzi huu na kuuridhia. Nauandikia waandishi na wahariri wa mapishi, hasa wale walioandika muda mrefu hadi hawakumbuki tena walichokisema mwanzoni.

Usuli

Mwandishi hakusomea upishi wala kemia. Alijifunza jikoni, kwa waliomtangulia, na kwa kuunguza sufuria. Nguvu yake ilikuwa lugha. Akieleza mchuzi, ulikuwa unausikia ukitokota. Wasomaji walimpenda kwa hilo, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: anapika mara moja Jumamosi, anaandika Jumapili, makala inanifikia Jumatatu. Mimi naangalia lugha, urefu na kichwa cha habari. Hapakuwa na mtu aliyeichukua makala akaenda nayo jikoni kabla haijachapwa. Gazeti lisingekubali kuchapa habari ya mahakamani ambayo hakuna aliyeihakiki, lakini pishi, ambalo maelfu ya watu watalitia mdomoni, lilipita kwa macho ya mtu mmoja anayetafuta makosa ya tahajia. Mtu huyo ni mimi, na yote yaliyofuata yanaanzia hapo.

Yaliyotokea

Safu ilipotimiza miaka 15, mchapishaji wa vitabu aliomba mkusanyiko wa makala 60 kati ya zile zaidi ya 700. Mwandishi alinitaka nisaidie kuchagua. Tulikubaliana sharti moja: kila makala yenye pishi ipikwe upya na mtu mwingine, akifuata maneno yaliyo kwenye ukurasa tu. Tulimpata mtu mwenye subira ambaye hakuwa mpishi hodari. Hodari angejaza mapengo bila kujua, kwa sababu mikono yake inakumbuka kile ambacho ukurasa haukusema.

Wiki za kwanza tulikutana na makosa madogo, nayo yalikuwa mengi. "Chumvi ya kutosha." "Moto wa wastani." "Hadi iive." Kikombe cha unga kilionekana kila mahali bila kusema kikombe cha namna gani, wala unga umechotwa vipi. Unga uliochekechwa na kumwagiwa taratibu unaweza kuwa gramu 120 kwa kikombe, ilhali uliogandamizwa kwa kuchotwa ndani ya mfuko hufika 150 au zaidi. Keki moja iliyosifiwa miaka 8 mfululizo ilitoka ngumu mara mbili kwa sababu hiyo tu. Tulicheka, tukaandika gramu, tukaendelea.

Kisha tukafika kwenye makala ya kitunguu saumu.

Ilikuwa kipenzi cha wasomaji. Watu walikuwa wameikata gazetini na kuibandika kwenye milango ya makabati. Maelekezo yalikuwa mepesi: menya kitunguu saumu, kiponde, kijaze kwenye chupa safi, mimina mafuta hadi kifunike, funga, weka kabatini wiki tatu. Sentensi iliyonukuliwa kuliko zote ilikuwa, "Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga."

Mtu wetu alitengeneza chupa, akaiweka kabatini kama alivyoambiwa. Siku chache baadaye mtaalamu mmoja wa usalama wa chakula, ambaye tulikuwa tumempa orodha nzima aipitie, alipiga simu. Alikuwa amesoma nusu ya kwanza tu ya orodha. Alimwambia Mwandishi, "Dada, hii iondoeni leo. Zilizobaki nitasoma kesho."

Maelezo aliyotupa nayaweka hapa kwa ukamilifu, kwa kuwa ni yale ambayo mwandishi yeyote wa mapishi anapaswa kuwa nayo kichwani. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum huishi udongoni, na kitunguu saumu hutoka udongoni. Bakteria huyu hutengeneza spora, yaani chembe zenye ganda gumu kama mbegu, zisizokufa kwa kuchemshwa kwenye 100°C. Viwanda vya makopo huziua kwa mvuke wenye mgandamizo, kwenye 121°C. Spora zenyewe hazimdhuru mtu mzima mwenye afya anapozila. Hatari huanza zinapochipua na kutoa sumu, na ili zichipue zinahitaji mahali pasipo hewa, penye unyevunyevu, pasipo na asidi ya kutosha (pH iliyo juu ya 4.6) na penye joto la kawaida la chumba. Chupa ya Mwandishi ilitimiza yote. Mafuta yanafukuza hewa, kitunguu saumu kina maji na asidi yake ni ndogo, na kabati linatoa joto. Wiki tatu zinatoa muda. Sumu inayopatikana ni miongoni mwa kali zaidi zinazojulikana, nayo haibadilishi rangi wala harufu ya chakula.

Wala si jambo la kufikirika. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mgahawani vyakula vilivyotiwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Wengi wao awali walidhaniwa kuwa na magonjwa mengine. Mwaka 1989 watu watatu waliugua Kingston, jimbo la New York, kwa sababu ileile, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaamuru bidhaa za aina hiyo zinazouzwa ziongezwe asidi au kizuizi kingine cha bakteria. Makala yetu ilichapwa miaka mingi baada ya hapo. Maarifa yalikuwapo. Hatukuyatafuta.

Chupa iliyokuwa kabatini kwa mtu wetu ilitupwa jioni ile.

Maamuzi na sababu zake

Mchapishaji alisema tuiache nje ya kitabu na yaishe. Hakuna aliyeripotiwa kuumwa, kwa nini tuamshe hofu? Nakiri kwamba nilielekea kukubaliana naye. Nilikuwa na hoja niliyoiona ya busara: gazeti la zamani limeshageuka karatasi ya kufungia vitu, nani analisoma?

Mwandishi naye alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na jibu ambalo sikuwa nalo. Msomaji aliyebandika makala kwenye kabati lake, alisema, hatanunua kitabu ili aone kwamba pishi fulani halimo. Kutokuwamo hakuonekani. Anayehitaji kuambiwa ni yule tu aliye na kipande cha karatasi, naye anatusoma gazetini, ukurasa uleule, siku ileile. Akaongeza, "Mficha uchi hazai," na mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo tuliamua mambo matatu. Marekebisho yatoke kwenye safu yenyewe, si kwenye kona ya masahihisho ukurasa wa ndani. Yataje makala iliyokosewa kwa kichwa chake na mwaka wake. Na mtaalamu ayasome kabla hayajachapwa.

Tulichokosea ni namna ya kuyaandika. Mwandishi aliandika kama alivyozoea: makala ndefu, nzuri, juu ya chupa iliyokaa jikoni kwake miaka mingi, juu ya mtu aliyemfundisha, juu ya kujifunza ukubwani. Onyo lilikuwa aya ya sita, nalo lilianza na "pengine ni busara." Niliihariri kwa mikono yangu na nikaiona bora kuliko zote alizowahi kuandika.

Barua zikaja, kama thelathini hivi. Nyingi zilimshukuru kwa kumbukumbu tamu. Mbili ziliuliza tena kiasi cha mafuta. Msomaji mmoja alieleza kwa furaha kwamba chupa yake ina miezi miwili na bado inanukia vizuri.

Barua hiyo ya mwisho sitaisahau. Tulikuwa tumemwambia mtu kwamba anaweza kufa, na yeye akasoma kwamba tunamkumbuka.

Siku hiyohiyo tulimtafuta kwa simu, tukamwambia aitupe chupa. Wiki iliyofuata tulichapa marekebisho ya pili, bila picha wala utangulizi, juu kabisa ya ukurasa:

"Kama una chupa ya kitunguu saumu ndani ya mafuta iliyokaa nje ya friji, itupe leo. Usiionje kwanza. Sumu inayoweza kuwamo haina harufu wala rangi. Tuliwahi kuandika kwamba chupa hiyo ikae kabatini wiki tatu. Tulikosea. Anayetaka mafuta ya namna hiyo atengeneze kidogo, ayaweke kwenye friji mara moja, ayamalize ndani ya siku 4 au ayagandishe. Mtu aliyeyala, kisha akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, au akashindwa kumeza au kusema vizuri, apelekwe hospitali upesi na aeleze alichokula."

Mwandishi aliniambia ndiyo makala ngumu kuliko zote alizoandika. Haikuwa na neno lake hata moja, alisema, kwa maana ya maneno anayoyapenda. Nilimwelewa.

Baada ya hapo tulirudi kwenye orodha tukiwa na macho mengine. Pishi la maharage mekundu lilisema yapikwe usiku kucha kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo. Maharage hayo yana lektini, protini yenye sumu inayovunjika kwa mchemko wa nguvu tu. Moto wa chini, wa kama 80°C, unaweza hata kuizidisha makali. Tuliandika upya: yalowekwe saa 5 au zaidi, maji yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo moto upunguzwe.

Lililokuwa zito zaidi kwangu lilikuwa la kileo. Katika makala nne Mwandishi alisema mvinyo ukitiwa kwenye mchuzi unaochemka, kileo chote huruka na mvuke. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linasema vingine: baada ya dakika 15 za kutokota hubaki kama asilimia 40, baada ya nusu saa 35, baada ya saa nzima 25, na hata saa mbili na nusu huacha asilimia 5. Chakula kilichomwagiwa kileo kisha kikawashwa moto wa mbwembwe hubaki na asilimia 75. Hapa hakuna sumu ya ghafla. Lakini wako wasomaji ambao dini yao inawakataza, wako wanaotumia dawa zisizopatana na kileo, wako waliokiacha kwa jasho na hawataki hata tone. Watu hao waliamini sentensi yetu na kula. Tulichapa marekebisho, safari hii sentensi ya kwanza ikibeba jambo lenyewe.

Matokeo

Kitabu kilitoka na makala 43 badala ya 60. Kumi na moja tuliziacha kwa sababu za usalama au uongo wa kisayansi ambao haungeweza kuondolewa bila kuivunja makala. Sita zilianguka kwa sababu nyingine nitakayoieleza. Kila pishi lililobaki lina gramu, nyuzi joto pale zinapohitajika, na mwaka lilipochapwa mara ya kwanza. Palipobadilishwa jambo, maelezo yamewekwa chini ya pishi lenyewe.

Wapo wasomaji waliokasirika, lakini waliosema wazi kwamba sasa wanamwamini zaidi walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Hatuna habari ya mtu aliyeugua. Hilo halinipi faraja kubwa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huweza kudhaniwa kuwa mwingine, kama ulivyodhaniwa Vancouver.

Uchambuzi: kilichofaa

Uamuzi wa kumpa mtu mwingine apike kwa kufuata ukurasa ndio uliozaa mengine yote. Ni jambo la gharama ndogo na lingewezekana tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Pishi lililoandikwa ni maelekezo kwa mtu asiyekuwapo, na njia pekee ya kujua kama yanafika ni kumtafuta mtu ambaye hakuwapo.

Ilifaa pia kumpa mtaalamu orodha yote badala ya makala tulizozitilia shaka. Kitunguu saumu hatukukitilia shaka hata kidogo. Kilikuwa kipenzi chetu.

Nikitazama makala zilizopita bila kuguswa, nyingi hazikuwa zile nilizozikumbuka kwa uzuri. Zilikuwa zile ambazo Mwandishi alitazama mikono ya mtu akaandika mikono inafanya nini: kinyunyizwe nini kwanza, sauti ya mafuta inabadilika vipi, baada ya dakika ngapi. Kuna makala moja fupi ya chai ya mwaka wake wa pili. Alipima maji, akapima majani, akahesabu dakika, akaonja, akarudia kwa dakika tofauti. Hakujua kwamba waonjaji wa chai wana kanuni ya kimataifa inayofanya hivyohivyo: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, ili tofauti itakayoonjwa iwe ya chai na si ya aliyeitengeneza. Alifika hapo kwa udadisi wake mwenyewe. Makala hiyo imeingia kitabuni neno kwa neno.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Marekebisho ya kwanza yalishindwa kwa sababu tuliyaandika ili sisi tusamehewe. Tulitaka msomaji atuelewe kabla hajatutii. Tungeanza na chupa yake badala ya chupa yetu, yule wa miezi miwili angeitupa wiki moja mapema. Katika wiki hiyo aliila mara ngapi? Hatukumuuliza. Nadhani tuliogopa jibu.

Kosa langu kama mhariri ni la namna hiyohiyo. Miaka 6 nilipima makala kwa mwendo wa sentensi. "Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga" ilinipendeza masikioni, na kilichopendeza masikioni sikukihoji. Kadhalika na ile imani kwamba kukaanga nyama juujuu kwa moto mkali "hufunga maji ndani," iliyoenezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika miaka ya 1840. Nyama iliyokaangwa hivyo hupoteza maji kama nyingine, wakati mwingine zaidi. Faida yake ni ladha na rangi zinazotokana na protini na sukari kukutana na joto kali. Kadhalika na ile ramani ya ulimi inayoweka utamu mbele na uchungu nyuma, iliyotokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa mwaka 1901, ilhali kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huhisi ladha zote. Zote tulizichapa, zaidi ya mara moja. Zote zina picha nzuri akilini, na nadhani ndiyo maana zinadumu.

Sasa zile makala sita. Zilikuwa za kusifu: vinywaji fulani, meza fulani alizoalikwa. Hazikuwa na pishi, kwa hiyo hazikuwa na cha kujaribiwa. Tulipozisoma upya hatukuweza kusema alikunywa nini hasa. Kulikuwa na "harufu ya matunda mekundu," "mwili wa hariri." Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Sisemi kwamba Mwandishi alidanganya. Nasema jicho lake na jina la mwenyeji vilimsaidia kuonja, na hakumwambia msomaji kwamba alikuwa mgeni asiyelipa. Nilipendekeza tuongeze mstari unaosema hivyo chini ya kila moja. Mwandishi alizisoma, akasema mstari huo ungekuwa wa kweli lakini makala bado zingekuwa tupu, akazitoa mwenyewe.

Katika hili bado hatujakubaliana kikamilifu. Mimi naamini sifa inaweza kuandikwa vizuri ikibebwa na sababu zake: nimeonja nini, baada ya nini, nani amelipa. Yeye ameanza kuitilia shaka sifa yoyote. Anakumbusha kwamba tangu mwaka 1931 inajulikana kuna kemikali ambayo baadhi ya watu huionja chungu vikali na wengine hawahisi chochote, kwa tofauti ya kurithi, na kwamba yeye, ambaye huona kahawa nyingi kuwa chungu mno, amewahukumu wachomaji wa kahawa kwa ulimi aliozaliwa nao. Namwambia basi aandike hivyo. Anasema anajaribu, na rasimu mbili alizoniletea amezichukua tena.

Safu inaendelea. Mtu wetu hupika kila pishi kabla halijachapwa, mtaalamu hupitia kila kitu kinachohifadhiwa, kinachochachushwa au kinachopikwa kwa moto mdogo, na kwa sababu hiyo tunachapa pishi moja kila wiki mbili badala ya kila wiki.

Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka kwa msomaji mpya. Alikuwa amerithi daftari la mapishi, na ndani yake amekuta kipande cha gazeti kilichogeuka rangi, chenye kichwa cha makala yetu ya kitunguu saumu. Anauliza kama anaweza kutumia mafuta mengine badala ya yale yaliyotajwa. Hakuwa na namba ya simu, anuani tu. Tumempelekea mtu nyumbani kwake.